"Selbstständig": kivumishi kilichonifundisha kuweka mikono nyuma

Ukifaulu mtihani wa Kijerumani wa ngazi ya B1, unaingia kwenye kundi ambalo Wajerumani wanaliita selbstständige Sprachverwendung, yaani kutumia lugha kwa kujitegemea. Ngazi za lugha za Ulaya ni sita: A1 na A2 ni za mwanzo, B1 na B2 ndizo hizo za selbstständig, C1 na C2 ni za mtu aliyebobea. Mimi nilikutana na neno selbstständig kwa mara ya kwanza Dar es Salaam, darasani, nikaandika kwenye daftari: "huru, anayejitegemea". Kwa darasani tafsiri hiyo inatosha. Nilipofika Kassel kusomea uuguzi, na baadaye nikawa muuguzi kamili, neno hilo likaanza kunifundisha mambo ambayo hayamo kwenye kamusi.

Wadogo zangu wanaojiandaa kuja Ujerumani kwa Ausbildung, yaani mafunzo ya kazi, ya uuguzi huniuliza wahifadhi maneno gani. Wanatarajia niwatajie mifupa, viungo vya mwili na dawa. Hayo watayakuta kitabuni. Mimi nawaambia waanze na selbstständig, maana watalisikia kila zamu inapokabidhiwa, watalikuta kwenye fomu za bima, kwenye sheria ya uuguzi, kwenye matangazo ya kazi, kwenye ripoti ya shule ya mtoto wa jirani, na hata kwenye karatasi zao wenyewe za ukaazi.

Tuanze na matamshi. Katikati ya neno konsonanti zimesongamana bila irabu hata moja ya kupumzikia, na sisi tuliozoea irabu kila baada ya konsonanti tunashawishika kuchomeka "i" au "u" mahali. Usichomeke. Sema zelpst, tua kidogo, kisha shten-dikh, mkazo ukiwa mwanzoni. Kusini mwa nchi utasikia mwisho wake ukitamkwa "ik". Utaliona pia limeandikwa selbständig, lenye "st" moja katikati, na yote mawili ni sahihi. Kabla ya mageuzi ya tahajia ya mwaka 1996 lilitumika hilo fupi tu, ndiyo maana wazee wengi na sheria nyingi za zamani bado wanalo. Kamusi ya Duden inapendekeza lile refu. Ndani ya yote mawili mna kusimama: sehemu ya mwisho ina undugu na kitenzi stehen. Nasi husema kijana asimame kwa miguu yake, kwa hiyo picha yenyewe si ngeni kwetu.

Kisarufi halisumbui. Likitangulia nomino linabadili mkia: ein selbstständiger Mann, eine selbstständige Frau. Likieleza namna jambo linavyotendeka linabaki vilevile: Sie isst selbstständig, yaani anakula mwenyewe. Kinyume chake ni unselbstständig.

Maana ya kwanza utakayoisikia mitaani ni ya kazi. Mtu akikwambia Ich bin selbstständig, hakuelezi tabia yake, anakwambia amejiajiri. Sheria ya biashara ya Ujerumani, kifungu cha 84, inasema ni yule ambaye kwa kiasi kikubwa anapanga shughuli zake kwa uhuru na kuamua saa zake za kazi. Kwa kipimo hicho mama ntilie wa pale stendi ni selbstständig kuliko meneja wa benki. Kuanzisha shughuli yako ni sich selbstständig machen. Wenye biashara ndogo, wanaoujua ugumu wake, hulikata neno vipande viwili: selbst und ständig, yaani wewe mwenyewe, na muda wote.

Maana hiyo mgeni aijue mapema. Kwenye karatasi ya nyongeza ya kibali cha ukaazi mara nyingi huandikwa selbstständige Tätigkeit nicht gestattet. Dada mmoja wa Mombasa, fundi hasa wa kusuka nywele, alinipigia simu siku alipoyasoma maneno hayo. Alidhani amekatazwa kufanya kazi wodini bila msimamizi. La. Alichokatazwa ni kujiajiri bila kuomba ruhusa kwanza, na kusuka watu kwa malipo siku za Jumamosi ni kujiajiri, hata kama saluni yenyewe ni sebule yako. Alikwenda kuuliza ofisi ya wageni kabla hajapokea mteja hata mmoja. Nawasihi wote wenye ufundi wa mikono wafanye kama yeye, kwa sababu kibali kikiingia doa, mafunzo nayo yanaingia mashakani.

Ipo na maana nyingine, ndogo na ya kuchekesha. Kitu kikiondoka chenyewe mahali kilipowekwa, Wajerumani husema kimejifanya selbstständig. Bibi mmoja wa kwenye makao ya wazee aliacha kigari chake cha kutembelea, wanachokiita Rollator, bila kufunga breki. Njia ya bustanini ina mteremko kidogo. Kigari kikaanza safari taratibu, na mkoba wake juu, mpaka kikajikita kwenye maua. Der Rollator hat sich selbstständig gemacht, akatutangazia bibi mwenyewe, na benchi zima likaangua kicheko.

Lakini neno hili nimelijua hasa bafuni, saa moja asubuhi, ninapomsaidia mtu kujiandaa kwa siku.

Ujerumani ina bima ya uangalizi, Pflegeversicherung, iliyoanza mwaka 1995. Inawahudumia watu ambao kwa uzee, ugonjwa au ulemavu hawawezi tena kujifanyia mambo ya kila siku. Hadi mwisho wa 2016 watathmini walikuwa wakihesabu dakika: kuoga dakika ngapi, kuvaa dakika ngapi. Tangu Januari 2017 swali limebadilika. Sasa wanauliza mtu anaweza kufanya kiasi gani bila mtu mwingine. Kwa vitendo kama kugeuka kitandani, kunawa, kuvaa na kwenda chooni kuna majibu manne tu: selbstständig, überwiegend selbstständig, überwiegend unselbstständig, unselbstständig. Yaani anafanya mwenyewe, sehemu kubwa anafanya mwenyewe, sehemu ndogo tu, hawezi kabisa. Kivumishi kimoja kimekatwa madaraja manne, na kila daraja lina pointi zake.

Pointi zinakusanywa kutoka nyanja sita za maisha. Uzito wa nyanja hizo haulingani. Kujihudumia, yaani kuoga, kuvaa, kula, kunywa na choo, kuna asilimia 40. Kutembea na kujigeuza kuna asilimia 10 peke yake, jambo linalowashangaza wengi wanaodhani asiyeweza kutembea ndiye mwenye uhitaji mkubwa kuliko wote. Kula kumepewa pointi nyingi zaidi kuliko kuchana nywele, na ni haki. Jumla ikifika 12.5 mtu anapata Pflegegrad 1, yaani daraja la kwanza la uhitaji wa uangalizi. Kuanzia 27 ni 2, kuanzia 47.5 ni 3, kuanzia 70 ni 4, na kuanzia 90 ni 5. Tangu Januari 2025, familia inayomwangalia mgonjwa wake nyumbani yenyewe, bila shirika la uuguzi, hupewa euro 347 kwa mwezi kwa daraja la 2 na euro 599 kwa daraja la 3. Wakitumia na shirika, pesa hiyo inapunguzwa kwa kadiri walivyolitumia. Tofauti kati ya daraja la 2 na la 3 ni kodi ya nusu chumba katika miji mingi, nayo inaning'inia kwenye kivumishi.

Kilichonifungua macho kwenye mwongozo wa tathmini hiyo ni hiki: kifaa hakihesabiwi kuwa mtu. Anayetembea na kigari ni selbstständig. Anayekula kwa kijiko chenye mpini mnene ni selbstständig. Anayehitaji tu kuwekewa maji na taulo karibu, au kukumbushwa hatua inayofuata, ni überwiegend selbstständig. Kinachopimwa ni pale mwili wa mtu mwingine unapoanza kuingia kati.

Katika miaka mitatu ya mafunzo kila mwanafunzi lazima apite angalau saa 400 kwenye uuguzi wa majumbani. Huko ndiko nilikomkuta mzee mmoja, fundi seremala, aliyepigwa kiharusi. Mkono wa kulia ulikuwa umelala kabisa. Kwa miongo alikuwa na karakana yake mwenyewe, kwa hiyo alikuwa selbstständig kwa ile maana ya biashara, na alilitamka neno hilo kwa namna ambayo mtu wa kwetu angetaja ukoo wake.

Mwalimu wangu wa vitendo alikuwa mama wa makamo, mchache wa maneno. Asubuhi ya kwanza alijaza maji kwenye sinki, akalowesha kitambaa cha kunawia, akakikamua, akamwekea mzee kwenye mkono wa kushoto. Kisha akaweka mikono yake nyuma ya mgongo, kiganja kimoja kimeshika kingine, akangoja. Mzee alinawa uso, shingo, kifua, na mkono ule uliolala akauinua kwa ule mzima, akauosha taratibu kama wa mtu mwingine. Mgongo tukamwosha sisi. Kisha shati. Mkono mgonjwa ndio unaotangulia kuingia kwenye shati, na wakati wa kuvua ndio unaotoka mwisho. Ukiligeuza hilo, shati litakwama begani.

Vifungo alivifunga kwa kitu ambacho sikuwahi kukiona: waya uliokunjwa mfano wa tone la maji, umechomekwa kwenye mpini. Unaupitisha waya kwenye tundu la kifungo, unakinasa kifungo, unavuta, kinapita. Vinauzwa vyenye mpini wa plastiki. Chake kilikuwa na mpini wa mti wa plamu, umechongwa ukakaa sawasawa na kiganja chake, kazi ya kijana aliyemfundisha useremala zamani. Alifunga kuanzia chini kwenda juu ili asikosee safu. Kifungo cha tatu kilimponyoka, akarudia, kikamponyoka tena, akarudia. Mimi vidole vilikuwa vinawasha. Kila kitu nilicholelewa nacho Tanga kiliniambia nyoosha mkono, mfungie mzee, ni dhambi gani hii. Nikaangalia mikono ya mwalimu wangu. Ilikuwa bado nyuma.

Tulipotoka kwenda kwenye gari aliniambia kwa Kijerumani chepesi ili nisikose kitu: ukimfungia leo, kesho atakungoja umfungie, na baada ya wiki chache vidole vya kushoto vitasahau. Wao wanaiita aktivierende Pflege, uuguzi unaomwamsha mtu. Sikuwa na la kumjibu. Nimeyaona mambo hayo kwa macho yangu tangu hapo: wagonjwa waliolishwa kwa sababu zamu ilikuwa na watu wachache na kijiko cha muuguzi ni cha haraka, halafu wakaacha kabisa kushika kijiko. Uhaba wa wauguzi unamnyang'anya mzee uwezo wake huku kila mtu akidhani anahudumiwa vizuri, na hilo linaniuma kuliko jambo lolote katika kazi hii.

Familia ya yule seremala iliomba apandishwe daraja, kutoka la 2 kwenda la 3. Mtathmini akaja nyumbani, mama mpole mwenye kompyuta mapajani. Mzee alikuwa amenyoa, amevaa sweta lake la heshima. Unaweza kuoga? Selbstständig. Kuvaa? Selbstständig. Chooni? Selbstständig! Binti yake, aliyekuwa akiamka usiku kila siku kumpeleka chooni, aliinamisha kichwa akatazama zulia. Kumkanusha baba yake mbele ya mgeni hakuweza, na kunyamaza nako kulikuwa kunamgharimu.

Mtathmini hakubishana. Alimwomba mzee amwonyeshe anavyovua sweta na kulivaa tena, kama angependa. Mzee alitoa mkono mzima, kisha sweta likamganda shingoni, akabaki humo ndani kwa muda. Binti akasimama, akamsaidia bila kusema neno. Ndipo mtathmini akauliza: na usiku je? Mzee akajibu kwa sauti ya chini kwamba usiku humwita binti. Daraja la 3 likapatikana.

Wanaohudumia wazee hapa wanaijua hali hiyo. Siku ya tathmini mzee hujikaza, huonyesha uwezo ambao jana hakuwa nao na kesho hatakuwa nao. Si uongo. Ukimuuliza mtu aliyeishi kwa jasho lake kama yeye ni selbstständig, umemuuliza kama bado ni yeye. Kwa hiyo nazishauri familia za Waswahili wenye wazazi huku waandike daftari siku kadhaa kabla: ameamshwa saa ngapi, nani alimshika, sehemu gani aliifanya mwenyewe, wapi alikwama. Na waombe kuzungumza na mtathmini pembeni, ili mzee asivuliwe heshima mbele ya watoto wake.

Hapa nirudi kwenye lile daftari langu la Dar. "Anayejitegemea" kwa Mtanzania ni neno lenye historia kubwa. Tangu Azimio la Arusha la 1967 limekuwa neno la taifa, na Elimu ya Kujitegemea ya mwaka huohuo ilitupa mashamba ya shule na majembe begani. Siku hizi kijana "ameanza kujitegemea" akipanga chumba na kununua godoro. Hakuna mtu Tanga atakayesema bibi yake anajitegemea kwa sababu amejichana nywele. Kwa maana ya bafuni, Kiswahili kina njia nyingine, na naiona nzuri kuliko ya Kijerumani: tunaiweka ndani ya kitenzi. Anajiosha, anajivika, anajilisha. Au tunaongeza neno moja: anakula mwenyewe.

Na hapo kuna tofauti ambayo imenisaidia sana kazini. "Anakula mwenyewe" na "anakula peke yake" ni mambo mawili. La kwanza ni selbstständig, la pili ni allein. Mzee anaweza kula mwenyewe akiwa mezani na wenzake kumi. Anaweza pia kula mwenyewe chumbani, mlango umefungwa, hakuna wa kumwambia chai imepoa. Kwenye taarifa ya zamu wote wawili wanaandikwa sawa: isst selbstständig. Nimejifunza kuuliza swali la pili hata kama fomu hainidai, anakula wapi na nani, kwa sababu sisi tunajua chakula cha mtu mmoja kinavyokosa ladha. Kwa haki ya mfumo wao, nyanja ya sita ya tathmini inagusa mahusiano na watu na mpangilio wa siku, na ina asilimia 15. Si nyingi, lakini ipo.

Nilimsimulia mama habari za yule seremala kwenye simu. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kuniuliza kama nakula vizuri, akashangaa.

"Mwanangu, mtu mzima anahangaika na vifungo, na nyinyi wawili wazima mmesimama mnamtazama?"

"Hatumtazami mama. Tunamngoja."

"Akishamaliza?"

"Anakuwa amevaa mwenyewe."

Akanyamaza, nikasikia kuku wa jirani nyuma yake. Kisha akasema, "Basi bibi yako alikuwa hivyo na mchele."

Nikakumbuka vizuri. Bibi macho yalikuwa yameshaingia ukungu, lakini ungo wa mchele ulikuwa wake. Anakaa kwenye mkeka barazani, anapeta, anasogeza punje kwa kidole, anatupa chuya. Mawe mengine yalimpita. Mama aliniambia siku ile jambo ambalo sikuwahi kulijua: bibi akishalala, yeye aliwasha taa akauchambua upya mchele wote, na asubuhi akampelekea bibi ungo mwingine. Hakumwambia mpaka bibi alipofariki. Mama hajasoma mwongozo wowote wa tathmini. Kwa lugha ya fomu zetu, bibi kwenye mchele alikuwa überwiegend unselbstständig. Kwa lugha ya nyumba yetu, mchele aliuchambua bibi.

Tangu mazungumzo yale sikubali tena usemi wa kwamba sisi Waafrika tunawafanyia wazee kila kitu na Wajerumani wanawaacha wahangaike. Nyumba nyingi za kwetu zinampa mzee kazi: kumenya kunde, kushika mtoto, kulinda mahindi yasiliwe na kuku. Tofauti niliyoiona ni kwamba huku wameiandika, wameipa pointi, na wamemfundisha mgeni kama mimi kuipima.

Kuna ndugu wa neno hili ambaye lazima mjifunze naye pamoja: selbstbestimmt, mwenye kujiamulia mambo yake. Sheria ya bima ya uangalizi, kifungu cha 2, inawataja pamoja: mhitaji asaidiwe kuishi maisha ambayo kadiri inavyowezekana ni selbständig na selbstbestimmt, yanayolingana na utu wa binadamu. La kwanza ni la mikono, la pili ni la utashi. Anayekosa la kwanza hajakosa la pili.

Nilihudumia mama mmoja mwenye ugonjwa wa Parkinson, daraja la 5. Hakuweza kujigeuza kitandani, sauti ilikuwa imekwisha, uso hauonyeshi furaha wala hasira. Kwenye kila kisanduku cha kujihudumia: unselbstständig. Kila asubuhi tulimwonyesha blauzi mbili, moja kila mkono, kwa umbali ambao macho yake yangefika. Tulisubiri. Macho yalitua kwenye moja, yakahama, yakarudi. Ile yaliyorudia ndiyo aliyovaa. Siku moja nilipoinua blauzi mbili aliziruka zote akatazama kabati. Nikatoa ya tatu, ya kijani. Akafumba macho, akafumbua. Hapo ndipo nilipoielewa sheria ile kuliko nilivyoielewa darasani.

Kuna ndugu mwingine, eigenständig, ambaye kamusi nyingi zinamfasiri vilevile. Kwenye sheria ya uuguzi iliyoanza kutumika Januari 2020, kifungu cha 5, maneno haya mawili yamewekwa mbalimbali kwa makusudi. Kazi za uuguzi wenyewe, kama kupima uhitaji wa mtu, kuupanga na kuusimamia uangalizi wake, muuguzi anazifanya selbstständig. Hatua zilizoagizwa na daktari anazitekeleza eigenständig. Ya kwanza unaianzisha na kuiamua wewe. Ya pili imeamuliwa na mwingine, nawe unaifanya kwa mikono yako na kwa kuwajibika kwako. Kwa miaka mingi kazi yetu ilitazamwa kama usaidizi wa daktari. Kifungu cha 4 sasa kinasema kazi zile za kupima na kupanga ni za muuguzi aliyesomea peke yake. Nilipokisoma nilihisi nimepewa kiti mezani, na ninawaomba wanaokuja wasikitupe kiti hicho kwa kusubiri kuambiwa.

Mwisho, kwa walio karibu na mtihani. Kwenye taarifa ya mgonjwa usiandike selbstständig likiwa uchi. Halimwambii mwenzako wa zamu ijayo chochote. Andika kitendo gani, mahali gani, kwa kifaa gani, na kipi kinabaki kwako. Mfano: Wäscht Gesicht und Oberkörper am Waschbecken selbstständig, Rücken und Beine werden übernommen. Anajiosha uso na sehemu ya juu ya mwili kwenye sinki, mgongo na miguu anaoshwa. Mwenzako akisoma hivyo ataingia chumbani akijua asimamie wapi. Na mtahini akikuuliza utamsaidiaje mgonjwa huyu, anza na anachoweza mwenyewe, kitendo kimoja kimoja, ndipo useme utakachofanya wewe.